Mashine Iliyogoma Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 20 Januari. Yokote, Japani.
Habari njema! Mama mkwe anakuja kesho. Paa la nyumba yake limeelemewa na theluji, kwa hiyo hadi theluji iishe atakaa kwetu, au ng'ambo ya barabara kwa mwanawe Kanji, shemeji yangu. Atalala siku tatu kila nyumba, ndipo achague.

Nampenda mama mkwe. Sana. Lakini nazipenda zaidi figili zake za chumvi zilizokaushwa kwa moshi. Atakapohamia mama, ndipo litakapohamia pipa la figili.

Kanji ana jiko la mafuta ya taa. Linanuka! Mimi nina pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha nyumba, bado mpya. Ushindi ni wangu.

Jumanne, 21 Januari.
Aibu!
Tumeketi na mama, tunakula tambi. Mara feni ya ndani ya mashine kimya. Upepo wa joto hakuna. Nikatoka nje mbio. Feni ya sanduku la nje la mashine, lile la ukutani, nayo imesimama tuli, na sanduku lenyewe limeganda barafu nyeupe pe. Halafu moshi! Wingu zima!

Nikapiga yowe la moto. Wakaja wazimamoto wa kujitolea wa mtaa, wanne, na mbele yao nani? Kanji, na kofia kichwani. Walipofika, feni inazunguka kama kawaida, na moshi haupo.

“Shemeji,” akasema, “moto wenyewe uko wapi, tuje tuuote?”

Wakacheka wote. Mama pia.
Namshuku Kanji. Mashine haigomi hivihivi bila mkono wa mtu.

Jumatano, 22 Januari.
Nimepata dawa. Mtu akisikia baridi hujifunika. Basi nikaifunika mashine kwa mfarishi wa mke wangu Fumie, nikaukaza kwa kamba.

Nusu saa haikupita, nyumba ikapoa kama kisima. Feni inakoroma tu. Mama kavaa makoti mawili na anashika vijiti kwa glavu. Fumie akauliza mfarishi wake uko wapi. Nikamwambia uko kazini.

Mchana nikabadili mbinu: nikamimina birika mbili za maji ya moto juu ya sanduku, mfarishi na yote. Barafu ikayeyuka! Maji yakashuka hadi njiani, yakaganda tena huko. Nikateleza, nikakaa kitako mbele ya Kanji. Hakucheka. Alinisalimia kwa adabu kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Alhamisi, 23 Januari.
Fumie kaita fundi bila kuniuliza. Akaja Bi. Sakuraba, mwanamke mfupi wa maneno machache. Akafungua mfarishi, umeganda kama ubao. Akaniuliza kwa upole mashine ivute hewa kupitia wapi.

Nikamweleza juu ya Kanji na hujuma zake. Hakusikiliza. Alimweleza mama. Eti hata hewa ya baridi ina joto ndani yake. Feni ya nje huivuta hewa hiyo ipite kwenye vibati vyembamba, gesi iliyo katika mabomba inalibeba joto, inalileta ndani. Lakini unyevu wa hewa unaganda juu ya vibati, mwisho hewa haipiti. Hapo mashine inageuza safari: inachukua joto kidogo la nyumba na kulipeleka nje, liyeyushe barafu. Feni ya nje inasimama ili isipulize baridi juu ya vibati vinavyopashwa moto. Ya ndani inasimama ili isitupulizie baridi sisi. Dakika kumi hivi, kazi inaendelea. Na ule moshi ni mvuke tu.

“Kwa hiyo si mbovu?” mama akauliza.
“Si mbovu, mama. Inapenga kamasi.”
“Na dawa yake?”
“Kuiacha.”

Mama akanitazama mimi, si mashine. Nilijua nimeshindwa. Kesho anahamia kwa Kanji.

Ijumaa, 24 Januari.
Hahami!

Kanji alikuja na kigari cha theluji kuchukua mzigo wa mama. Mama akamwambia arudi nacho, akalitoe pipa la figili kwenye nyumba yake mama, alilete hapa kwetu. Kanji akalalamika: mama, kwangu kuna joto siku nzima!

“Joto lipo, mwanangu,” mama akasema, “lakini tangu baba yako afariki sijacheka kama nilivyocheka siku hizi tatu. Nitakaa na huyu mkwe wangu.”

Kanji kalisukuma pipa hadi mlangoni, jasho linamtoka. Nikampa kipande kimoja cha figili. Chembamba.

Nimekaa nikatafakari. Ni wazi kilichompendeza mama ni juhudi zangu kwa ile mashine.

Jumamosi, 25 Januari.
Leo nimegundua jambo zito. Friji ya jikoni inanguruma, kisha inanyamaza. Feni yake kimya kabisa! Nimeipima kwa saa: dakika kumi na nne bila kufanya kazi, na umeme tunalipa.

Fumie na mama wameenda sokoni. Nimeitoa ukutani. Bisibisi ninayo, maji ya moto yako tayari, na skrubu sita za kwanza zimeshatoka.