Mtu wa Bima Afiwa

Siku upepo ulipong'oa mabati ya duka la Nurudini pale Kibondo mjini na kuyatupa katikati ya genge la nyanya, wafanyabiashara wote walitazama juu, kila mmoja akikagua paa lake. Mtu mmoja tu hakutazama juu. Yeye alizitazama nyuso za waliotazama juu, akaona hofu tele isiyo na mwenyewe, akajisemea kwamba kuiacha ioze bure ni dhambi.

Aliitwa Saady. Alizaliwa Rungwe Mpya, kule Kasulu, akalelewa na shangazi yake kwa ugali na maharage, lakini akifika mahali pageni alikuwa anaongea Kiswahili cha Tanga ungedhani ameogea maji ya chumvi tangu siku ya arobaini. Alishawahi kuwa daktari wa mifugo, fundi wa sola na, kwa majuma machache yenye baraka, mtaalamu wa simu zilizoingia maji. Kazi zote hizo alizifanya kwa moyo mkunjufu, na hakuna hata moja aliyoisomea.

Kesho yake alitokea sokoni amevaa kofia ngumu ya mafundi, futi kamba mkononi, kitambulisho shingoni. Kampuni yake iliitwa Kivuli Bima. Ofisi kuu ilikuwa Dar es Salaam, mtaa ambao kila alipoulizwa ulibadilika.

"Nimekuja kupima hatari," alimwambia Mzee Athuman, muuza vitenge.

"Hatari gani?"

"Zote. Moto, upepo, mwizi, panya." Akapima mlango, akapima kaunta, akanusa waya wa taa, kisha akasikitika. "Mzee wangu, hatari yako ni ndogo. Sijui kama kampuni itakukubali."

Athuman alivimba. "Ndogo? Nurudini umempa hatari gani?"

"Nurudini kubwa sana."

"Nurudini! Muuza ndala na viberiti! Mimi nina majora ya vitenge mpaka darini, unakuja kuniambia mimi hatari ndogo? Pima tena!"

Saady akapima tena. Hatari ya Athuman ilipanda, malipo yakapanda nayo, na mzee akasimama barazani akiwatangazia majirani kwamba dukani kwake mtu anaweza kufa saa yoyote. Hadi Ijumaa, mji mzima ulikuwa unashindana kwa hatari.

Lakini mteja ambaye Saady alimtaka hasa ni Mama Pelagia Ininahazwe. Mama huyu, mjane, wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye akazaliwa na kuzeekea hapahapa. Alikuwa na nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha, na ndiyo iliyomlisha. Mabati yake yalikuwa yamechoka. Wapangaji walikuwa wakilala na ndoo vitandani, na wawili walishaanza kuulizia vyumba kwingine. Kwa kuuza maharage, mama alikuwa amejinyima mpaka akapata pesa ya mabati mapya, na alitaka kuezeka kabla ya mvua. Mvua ikimkuta hajaezeka, wapangaji wangeondoka, na yeye angebaki na ukuta.

"Ukiezeka leo, upepo ukachukua kesho, utabaki na nini?" Saady alimuuliza. "Pesa iweke kwangu. Haya mabovu yakianguka, kampuni inakuezekea nyumba nzima."

"Yaani mabovu yakianguka mnaleta mapya?"

"Mapya."

"Na yasipoanguka?"

"Unamshukuru Mungu."

Mama Pelagia alifikiri sana. "Kumbe ni kama chama chetu cha kufa na kuzikana. Tunachanga wote, aliyepatwa anasaidiwa."

"Hasa! Hasa, mama yangu!" Saady akadakia. Mtu mwerevu angeuliza kwanza hicho chama kinaendeshwaje. Saady alikuwa mjanja, na ujanja na werevu si ndugu.

Jumapili jioni mama, ambaye ndiye mwenyekiti, alimpeleka mbele ya wanachama, Waislamu na Wakristo, Athuman na Nurudini wakiwamo, waliokaa uani kwake kwenye mikeka. Wote walitoa pesa ya bima. Mama alitoa ya mabati, yote, akaishika kidogo mkononi kabla ya kuiachia. Kisha akasimama.

"Kwetu hapa, anayeshika mchango wa watu ni mwanachama. Kuanzia leo, msiba wako ni msiba wetu."

Watu wakapiga makofi. Saady akaweka mkono kifuani, akainama. Kwa uzito wa mfuko aliokuwa nao, angekubali hata kubatizwa.

Mawingu yalipoanza kukusanyika aliona muda umefika wa kuondoka kwa heshima, na heshima kubwa kuliko zote ni ya msiba, kwa kuwa hakuna anayemdai mfiwa ushahidi. Asubuhi akamwendea Mama Pelagia na leso mkononi.

"Mama, shangazi yangu Zuhra, aliyenilea, amefariki. Nakimbia Kasulu."

"Yoo! Ihangane, mwana wanje! Pole, mwanangu!" Mama alimkumbatia, akamlilia begani. Kisha akageuka. "Esteri! Filimbi!"

Esteri, mpangaji wake, alipuliza filimbi ya chama. Kabla Saady hajakunja leso, ua ulikuwa umejaa. Walikuja na masufuria, kuni, mikeka, mchele, na mbuzi aliyeonekana kujua kinachoendelea. Mansuri, mwanachama mwenye lori, alirudisha Fuso lake kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Jamani, msijisumbue, ni mbali!" Saady alisema.

"Msiba hauna mbali," alijibu Tharsisi, mchimba makaburi wa chama, akipandisha sepetu na jembe. "Shangazi alikuwa na urefu gani?"

Saady, akili imeruka, akaonyesha begani kwake.

"Na marehemu wa Kiislamu hangojwi," Athuman akasisitiza. "Pandeni!"

Mama Pelagia akanyoosha mkono kuchukua ule mfuko. Saady akauvuta.

"Acha tu, mama. Ni mwepesi."

"Mfiwa habebi mzigo," mama akasema, akauvuta kwake, akaufunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Ndivyo mtu wa bima alivyoondoka Kibondo: katikati ya Fuso, mbele yake mgongo wenye maisha yake yote ya baadaye, kushoto kina mama wakiimba, kulia mbuzi. Walipofika Busunzu aliomba kwenda kujisaidia. Athuman na Tharsisi walishuka naye, wakamshika huku na huku.

"Nitaenda mwenyewe, wazee."

"Mfiwa haachwi peke yake," Tharsisi alisema kwa upole. "Uchungu unaweza kukupeleka pabaya."

Wakamshika mpaka alipogundua kuwa haja yenyewe hakuwa nayo. Akafikiri awapeleke nyumba yoyote ya Kasulu mjini, lakini Athuman alikuwa na mashemeji kila mtaa na alishaanza kuwataja. Basi akasema kweli, Rungwe Mpya, jambo lililomuuma sana. Kwa siri akaandika ujumbe kwenye simu: "Shangazi nakuja na watu. Tafadhali uwe umekufa." Shangazi alikuwa mwanamke mwelewa. Bahati mbaya, simu yake ilikuwa dukani kwa jirani ikichajiwa.

Gari lilipokata kona ya kwao, kina mama walianza kulia, kilio cha haki, cha kutoka tumboni. Uani alikuwepo mwanamke mfupi akianika maharage. Alipoona gari zima linalia, akatupa ungo, akajifunika kanga, akalia kuliko wote.

"Yoo! Nani? Nani kafa?"

"Zuhra!" Esteri alimkumbatia. "Shangazi Zuhra!"

"Maskini! Zuhra yupi?"

"Wa nyumba hii!"

Yule mwanamke akaacha kulia. "Nyumba hii naishi mimi peke yangu."

Kilio kilikatika. Hata mbuzi alinyamaza. Tharsisi alimtazama shangazi, akautazama bega la Saady, akaona kwamba kipimo kilikuwa sawa.

"Alhamdulillah!" Saady akapaza mikono. "Walikosea kunipigia! Shangazi mzima!"

Shangazi Zuhra aliweka mikono kiunoni. "Saady. Sasa hivi unauza nini?"

"Bima," Nurudini akajibu kwa sauti ndogo.

"Bima! Na zile sola zimeisha? Ng'ombe wa watu uliowachoma sindano za maji wamepona?"

Mama Pelagia alifungua kitenge, akaufungua mfuko mbele ya wote, na pesa zikaonekana. Alizitoa za kwake, bado zimefungwa kwa uzi wake mwenyewe, akakaa chini kwenye maharage na kulia. Hakumlilia mtu. Alililia mabati yake, ambayo yalikuwa yamekwenda mbali kiasi kile na kurudi.

Watu walipokumbuka kumtafuta Saady, alikuwa anayoyomea migombani, bila kofia wala mfuko. Tharsisi akainua sepetu.

"Mwache," mama akasema akijifuta. "Tuna mchele wa kupika."

Maana chakula cha msiba hakirudishwi nyumbani. Mbuzi alichinjwa, Athuman akisoma bismillahi, wali ukapikwa, harufu ikaenda mpaka migombani ambako mtu fulani hakuwa amekula tangu asubuhi. Shangazi alipakuliwa wa kwanza, sahani ya kilima, maana shughuli ilikuwa yake. Pesa za wengine mama alizirudisha mkononi kwa kila mtu, lakini Nurudini alizikabidhi zake kwa mama tena.

"Bima yenyewe haikuwa mbaya," alisema. "Ubaya ulikuwa kwa yule aliyeshika. Shika wewe."

Wengine wakakubali, Athuman kwa sharti kwamba hatari yake isishushwe.

Shangazi Zuhra alilamba vidole, akatazama masufuria, kuni, mikeka na watu waliotoka Kibondo kuja kumzika.

"Mnazika vizuri," alisema. "Sina malalamiko. Nataka kuingia na mimi."

"Karibu sana, shangazi," Mama Pelagia akasema. "Ila mchango wako utakuwa mkubwa kuliko wa wengine."

"Kwa nini? Mimi mzima, nyumba yangu ya matofali, paa jipya! Hatari yangu iko wapi?"

Mama Pelagia aligeuka kutazama migombani, ambako jani moja lilikuwa linatikisika bila upepo.

"Una Saady," alisema.