Jakuzi la Mama Barazani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekasirika tangu asubuhi na chai haijanisaidia. Dada kapiga simu. Mama anakuja Jumamosi kuamua atakaa kwa nani kati yetu, maana magoti yamemchosha na hawezi tena kuishi peke yake. Dada kaniambia nisijisumbue. Kwake kuna bafu la vigae. Kwangu, kasema, kuna mtoto anayelia na baraza linalolia.

Baraza langu halilii. Linanong'ona tu ukipita katikati. Ni la mbao, liko nyuma ya nyumba, limeinuliwa kwa nguzo kwa sababu kiwanja kinateremka. Jioni namlaza mwanangu pale namkanda vimiguu, anacheka mpaka anapata kwikwi. Namtaka Mama akae pale, ayaone hayo kila siku. Mimi ndiye kitinda mimba wake. Hajanichoka bado.

Na silaha ninayo. Bosi wa mume wangu kahama, katuachia jakuzi. Ni beseni kubwa la kujaza upepo, watu wanne wanaenea, maji yanachemshwa kwa umeme na kutoa mapovu. Bado liko ndani ya boksi. Mama akizamisha magoti mle, vigae vya dada kwisha habari yake.

Mume wangu kauliza litakaa wapi. Nikamwambia barazani. Akaliangalia baraza, akaniangalia mimi, akaenda kazini mapema.

Jumanne, tarehe 4

Nimemwita seremala. Mtaa mzima unamwita Haina Shida, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata kwa mlango wangu wa jikoni alioutengeneza ukafungukia ukutani. Kaingia chini ya baraza, kagonga gonga boriti, katoka na utando wa buibui kichwani. Boriti nzima, kasema. Nguzo ndizo zilizochoka, inabidi kuongeza. Halafu kaniuliza mzigo una uzito gani.

Nikamwambia asubiri. Nikaenda kusoma kwenye boksi. Kilo thelathini na mbili.

Kacheka. Eti kwa mzigo huo mimi mwenyewe ndiye wa kuogopwa nikipita pale. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema haina shida.

Tangu nijifungue sitaki utani wa kilo. Nimemnyima chai.

Jumatano, tarehe 5

Kaleta nguzo mbili. Moja ni nguzo. Ya pili ni fimbo iliyonenepa. Kazisimamisha juu ya udongo mtupu, kazikandamiza kwa kisigino, kapangusa mikono. Nikamuuliza saruji iko wapi. Kasema saruji kwa kilo thelathini na mbili ni sawa na kumvalisha kuku viatu.

Nilitaka kumfokea. Ila saruji hukawia kukauka na Mama anakuja Jumamosi. Nimeihifadhi hasira yangu kwa siku nyingine.

Alhamisi, tarehe 6

Dada kamtuma mumewe eti kuazima nyundo. Nyundo wanayo. Huyu kaja kupeleleza.

Shemeji kauliza jakuzi linameza maji kiasi gani. Nikamwonyesha boksi: lita mia nane. Katoa simu, kabofya. Kasema kila lita ni kilo moja, na bado hujaweka watu. Ni sawa na kuegesha gari barazani, shemeji yangu. Nikamwambia gari hatuna.

Akaendelea. Nikamweleza taratibu, kama ninavyomweleza mwanangu. Mtu akiingia majini anakuwa mwepesi. Anaelea. Hata mtoto mchanga analijua hilo. Kwa hiyo Mama akiingia, mzigo unapungua. Shemeji kachukua nyundo, kaondoka. Nimemweza.

Jioni nimeuhamishia mkeka wa mwanangu ndani. Si kwamba nimemwamini shemeji. Kulikuwa na upepo.

Ijumaa, tarehe 7

Nimelijaza jakuzi upepo kwa pampu ya baiskeli, mkono hauinuki. Mchana nikafungulia mpira wa maji. Lilipofika nusu, baraza likaacha kunong'ona, likaanza kuguna. Nikampigia Haina Shida. Akauliza kama mzigo umeshakaa juu. Nikamwambia umekaa. Akasema basi, haina shida.

Nimelijaza hadi juu. Mume wangu anapita mlango wa mbele tu sasa. Mwoga huyo ndiye niliyemzalia.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika nimekaa kwa upande mmoja.

Mama kaja na dada na shemeji. Kambeba mjukuu kabla hata ya salamu, kamnusa shingo, nikasahau hasira zangu zote. Dada kakataa kukanyaga barazani, kasimama chini bustanini, mikono kiunoni, wigi jipya kichwani. Mama kasimama mlangoni, shemeji nyuma yake, kaona mvuke unavyopanda, kasema ni zuri, mwanangu. Ingia wewe kwanza.

Nikaingia na gauni langu. Raha. Nikamgeukia dada nimpungie mkono.

Ile fimbo iliyonenepa ikazama ardhini kama kijiko kwenye uji. Baraza likainama. Jakuzi likainama. Maji yakatangulia, mimi nikafuata, polepole, kwa heshima zote, mpaka bustanini. Nikatua kwa makalio kwenye nyasi. Dada alikuwa kalowa chapachapa na wigi lilikuwa limefika kwa jirani.

Mama kamkabidhi shemeji mtoto, kateremka na magoti yake hayo hayo. Kanipapasa mfupa mmoja mmoja. Alipoona yote mizima, kanipiga kofi la mgongo, kalia kidogo, halafu kacheka mpaka kakaa chini kwenye tope.

Haina Shida kaja mbio. Eti aliniuliza mzigo, mimi nikamtajia boksi! Nikamwambia mzigo uliofika mlangoni kwangu ulikuwa boksi. Kama alitaka maji angesema maji. Safari hii hakusema haina shida.

Dada kasema Mama, twende nyumbani. Mama kasema leteni mabegi yangu, nakaa hapa. Dada kauliza na vigae je? Mama kamjibu: kwako kila kitu kipo, mwanangu. Hapa hakuna mtu mzima, na mjukuu wangu nampenda akiwa hai.

Kanichagua mimi.

Jumatatu, tarehe 10

Mama yuko kwangu. Amani tupu. Kanitamkia wazi kwamba jakuzi hataki hata kulisikia. Anatosheka na beseni la kufulia, maji ya vuguvugu na chumvi. Katia miguu mle, mjukuu mapajani, wote wawili wanasinzia. Nimewatazama mpaka macho yakalowa.

Lakini najua mama zetu. Wanasema hawataki ili wasitusumbue.

Nimelichunguza jakuzi. Halijatoboka. Kosa lilikuwa la nguzo, nguzo ndizo zinazozama. Leo nilikuwa naanika nepi, nikatazama juu ya jikoni. Paa la bati, karibu bapa, jua la bure kutwa nzima, na halina nguzo hata moja.

Mama kazinduka, kaniuliza ngazi naipeleka wapi. Nimemwambia nakwenda kuangalia kama nepi zimekauka.