Shotgani Tano na Shemeji Mmoja

Jumatatu, 6 Oktoba
Nyumba ya Mchungaji Stroud imevunjwa. Wezi wamebeba televisheni na bata mzinga mzima wa kwenye friza. Jimbo letu la Arkansas limekwisha! Nimetoa bunduki zangu zote tano za shotgani kabatini: mlangoni, jikoni, sebuleni, bafuni, chini ya kitanda. Zote zina risasi. Mke wangu Lurleen akauliza ni mwizi gani anayeanzia bafuni. Hajui vita huyu.

Jumatano, 8 Oktoba
Uwanja wa shabaha. Kila mpigaji alirushiwa hewani sahani za udongo ishirini na tano azilenge. Nilipata tisa. Coy, kaka yake Lurleen, ishirini na nne, tena kwa bunduki kuukuu ya babu yao. Akanitania mbele ya watu: "Shemeji, bunduki tano, jicho hata moja huna!" Wakacheka mpaka mrusha sahani akakaa chini. Ulikuwa upepo. Ulivuma zamu yangu tu. Jumamosi mashindano. Atanitambua!

Alhamisi, 9 Oktoba
Saa nne asubuhi, Lurleen yuko kazini. Nafanya mazoezi ya kulenga sebuleni kwa ile ya mlangoni. Kivuli barazani! Kitasa kinazunguka! Nikauliza nani. Kimya. Nikafyatua, mlango ukatoboka.
Alikuwa Coy. Kaniletea supu ya maharage, aniombe radhi kwa utani wa jana. Anasema alijitaja mara tatu. Huenda. Nilikuwa nimevaa vizibo vya masikio. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vimekatika. Amekaa kwenye supu na damu, ananitazama tu. "Ni mimi, shemeji. Ni mimi."

Ijumaa, 10 Oktoba
Sherifu, mkuu wa polisi wa hapa, kaandika kurasa nyingi, kaondoka na shotgani ya mlangoni. Lurleen kafungasha. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema Coy hatapiga tena gitaa kanisani. Nikamweleza kosa ni la fundi, mlango imara ungezuia marisau. Akaingia garini, akafunga mlango taratibu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mashindano. Wapigaji wote wako hospitali kwa Coy. Nikashindana peke yangu. Sahani kumi na moja. Wa kwanza! Mrusha sahani kanipa kombe bila kunitazama.
Nyumba kimya mno. Upande wa Lurleen kitandani hauna ulinzi kabisa. Jumatatu naenda dukani kuchukua shotgani mbili: moja ya mlangoni, moja ya kulaza kwenye mto wake.