Sisi Sita Tuliofunga Ofisi

Jumatatu, 5 Februari

Ushindi! Kikao cha halmashauri ya kijiji kimevunjika, na aliyekivunja ni mimi, Msabaha, kiongozi wa upande wetu.

Sufiani, kiongozi wa upande wa pili, alileta bajeti ya mwaka. Ndani yake kaichomeka sheria ndogo ya Mfuko wa Matibabu: kila kaya ichangie, mgonjwa atibiwe. Jambo zuri. Tatizo ni kwamba kalileta Sufiani. Likipita, atatembea kifua mbele mwaka mzima.

Wajumbe tuko kumi na watano. Wao tisa, sisi sita, na bila watu kumi kikao hakisimami. Ilipoadhiniwa alasiri, sote sita tukainuka kwenda msikitini. Hatukurudi! Nani atamlaumu mtu kwa kuswali? Husseni, mtu wangu wa karibu, kaniambia mimi ni hatari. Nilijua, ila nilipenda kusikia.

Jumanne, 6 Februari

Bila bajeti hakuna kazi. Bi Hafidha, mtendaji wetu, kaifunga ofisi kwa kufuli. Hakuna barua, hakuna mhuri. Watu wanasoma tangazo mlangoni na kuondoka wakinung'unika. Nimepita mara nne kulitazama kufuli. Raha iliyoje!

Nilikutana na Sufiani. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Nikamjibu salama zote. Ofisi hatukuitaja. Tunachukiana kwa adabu.

Jumatano, 7 Februari

Madaktari wamefika Bagamoyo kupasua mabusha.

Hili naliandika hapa tu. Kanzu zangu pana, watu wanadhani ni mtindo. Mwaka wa tatu huu. Kutembea tabu, kukaa tabu, bodaboda ndiyo usiseme. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumamosi, na lazima uwe na barua ya kijiji yenye mhuri.

Mhuri uko ofisini. Ofisi nimeifunga mimi.

Wahida, mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akasema safari hii nisipopasuliwa atamwambia mama yangu. Kisu nakiogopa. Kubaki hivi nakuogopa zaidi. Mama ndiyo kabisa.

Alhamisi, 8 Februari

Nimekwenda kwa Bi Hafidha, mlango wa uani. Nikaomba mhuri mmoja tu, wa ndugu yangu mmoja mgonjwa. Akaitazama kanzu yangu, akasema nimpe pole huyo ndugu, ila bila bajeti hamgongei mhuri hata baba yake mzazi.

Nimpigie Sufiani magoti? Kamwe! Na hata nikitaka, siwezi kuyapiga.

Ijumaa, 9 Februari

Fitina! Baada ya swala ya Ijumaa, Sufiani alimsomea hitma marehemu baba yake. Wajumbe sote tulialikwa, na hitma huikatai. Dua ilipokwisha, pilau ikiwa bado imefunikwa, akafungua kikao palepale mkekani!

Nikawakonyeza watu wangu tuondoke. Hakuna aliyeniona. Wote macho kwenye sufuria. Husseni alininong'oneza kwamba kuondoka hitmani kabla ya chakula ni kumvunjia heshima marehemu. Yeye na huyo marehemu walikuwa hawasalimiani!

Lakini akibaki mmoja tu wa kwetu, wanatimia kumi. Nikakaa. Na nakiri, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikapiga kura ya hapana kwa sauti kubwa, nikala sahani mbili.

Bajeti ikapita na sheria yake ndani, ofisi ikafunguliwa jioni ile ile. Foleni ndefu. Sufiani akamwomba Bi Hafidha aanze na mimi, kwa kuwa siwezi kusimama muda mrefu. Kumbe anajua! Foleni nzima ilinipisha. Kumbe kijiji kizima kinajua!

Jumatano, 14 Februari

Nimepasuliwa! Mzima! Mwepesi! Nimevuka wodi nzima kwa miguu yangu, Wahida akipiga vigelegele mpaka muuguzi akamkanya.

Gharama kalipa mfuko, ila ushindi huu ni wangu. Nisingefunga ofisi, Sufiani asingeita kikao cha haraka, na mfuko ungekuwa bado unajadiliwa. Alikuja kuniona na machungwa. Nikamshukuru. Alipotoka tu, nikaomba kalamu, nikaandika hoja ya kuufuta mfuko wake. Sisi sita bado tupo. Husseni nitamlisha kabla ya kikao.

Muuguzi akaja kuuliza nirudi lini kukaguliwa kidonda, kwani na hilo linalipwa na mfuko. Nikamwambia anipangie siku ya karibu kabisa, kabla hoja yangu haijapita.