Foleni ya Ndoo Uani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Maji ya bomba yamekatika tena. Mtaa mzima umehamia kwa Mama Duka, ng'ambo ya barabara, mwenye kisima na pampu. Nimekaa dirishani tangu asubuhi nikiwatazama. Wamejipanga na ndoo zao, wanacheka, wanasengenya, mwingine kaja na kigoda kabisa. Mama Duka yuko katikati yao kama bibi harusi. Mwanamke yule hana hata neno moja la maana la kusema. Ana maji tu.

Kwangu hajafika mtu. Wa mwisho kubisha hodi alikuwa msoma mita, naye alikosea nyumba. Tangu mke wangu afariki, nyumba hii imekuwa kubwa mno. Nikikohoa sebuleni, chumbani kunaitika.

Nimewaza mchana kutwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje kwa sababu gani. Sasa mvua zimekaribia, paa langu ni pana, bati halina hata tundu. Nitanunua tangi. Nitavuna mvua na kugawa maji bure. Watahamia kwangu wote, na Mama Duka abaki akipiga soga na kisima chake.

Jumatano, 5 Machi

Tangi limefika. Jeusi, nene, limenipita kimo. Mama Duka alitoka nje kulitazama. Nikajifanya simwoni. Akavuka barabara na kuniuliza kama nafungua kiwanda. Nikamjibu kwa upole kwamba baadhi yetu tunapenda kuihudumia jamii. Akasema hongera, jirani, na kama nahitaji maji ya kuchanganyia saruji ya msingi wa tangi, nipite tu kwake nichote. Hila hiyo! Anataka nionekane naomba. Saruji nimeichanganya kwa maji ya chupa ya dukani. Ya duka jingine, mbali.

Fundi wa gata, ile mifereji ya paa, wanamwita Kesho, maana ndilo jibu lake la kila swali. Leo, kwa maajabu, alikuja leo. Amefunga gata kuzunguka paa na bomba la kushusha maji tangini. Kisha akaanza masharti. Eti paa lipigwe brashi kwanza. Eti tufunge bomba la pembeni la kumwagia maji ya kwanza, na wavu mdomoni mwa tangi. Nikamuuliza kwa nini mtu amwage maji aliyopewa na Mungu. Akasema mvua ya mwanzo ndiyo inayoosha vumbi na kinyesi cha njiwa kwenye bati, haifai kuingia ndani.

Nimekuwa mtunza bohari maisha yangu yote. Katika bohari yangu haukutoka hata msumari bila sababu. Leo nimwage mvua? Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia imetosha, aende zake. Akasema nikibadili mawazo, atarudi kesho. Kwa hiyo harudi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua! Imenyesha tangu alfajiri. Nimesimama uani na mwavuli nikisikiliza tangi likijaa. Hakuna tone lililopotea. Hata kifuniko nimekiweka kando, ili na mvua ya moja kwa moja iingie. Haba na haba hujaza kibaba.

Kasoro moja. Koki aliyofunga Kesho ni kubwa mno. Nimeijaribu, ndoo ilijaa kabla sijamaliza kusema habari za asubuhi. Hiyo si huduma, ni kufukuza watu. Nimeing'oa na kufunga koki ndogo kabisa. Maji yanatoka membamba kama uzi. Sasa ndoo moja inatosha habari za nyumbani, habari za watoto, bei za vitu na magonjwa ya kila aina. Haraka haraka haina baraka.

Nimepanga viti sita barazani na kuvifuta vumbi. Kimoja kilikuwa cha mke wangu. Nikakirudisha ndani. Baadaye nikakitoa tena, maana alipenda watu kuliko mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimebandika tangazo getini: MAJI BURE, KARIBUNI.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Akatega ndoo, akautazama ule uzi wa maji, akashusha pumzi. Nikamkaribisha kiti. Nikaanza kumsimulia kisa cha mapipa ya rangi yaliyopotea bohari na jinsi nilivyomgundua mwizi. Sikufika hata kwenye mapipa. Akasema samahani baba, ana nguo ya watu mashineni, ataipitia ndoo yake baadaye. Akaenda. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu hakuzima hata pikipiki.

Kufikia mchana ua umejaa ndoo. Foleni ndefu, imenyooka vizuri, kutoka kwenye koki mpaka getini. Wenyewe hawapo. Wenyewe wako wapi? Kwa Mama Duka! Wamekaa barazani kwake wakisubiri maji yangu!

Mimi ndiye nimebaki nikisogeza. Moja ikijaa naibeba pembeni, natega nyingine. Mgongo umekatika. Jioni nilijikuta naisimulia ndoo ya kijani kisa cha mapipa. Ilisikiliza mpaka mwisho.

Fundi cherehani alipokuja kuchukua yake akaniambia wenzangu wote wako pale ng'ambo, kwa nini nisivuke, wangenisogezea kiti. Nikamwambia siwezi kuliacha tangi peke yake.

Mwanangu alipiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Akauliza hali. Nikasema niko hoi, nyumba imejaa watu, nimeelemewa. Akafurahi sana. Akasema basi hatanipotezea muda. Akakata.

Jumatano, 12 Machi

Sheria mpya getini: NDOO ISIYO NA MWENYEWE HAIJAZWI. Koki nimeitia kufuli. Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Hajaja mtu. Fundi cherehani alipita tu kuchukua ndoo aliyokuwa ameisahau. Alikuwa na adabu sana, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumanne, 18 Machi

Nimekubali yaishe. Kufuli nimelitoa, ndoo zimerudi, wenyewe hawajarudi. Na sasa pana maneno. Mmoja kadai amekuta unyoya ndani ya ndoo. Mwingine eti maji yananuka banda la njiwa. Fitina za Mama Duka hizi, namjua.

Niliamua kukomesha uvumi hadharani. Saa za jioni, watu walipokuja kuchukua ndoo, nikajaza glasi mbele yao. Ilikuwa na rangi kidogo. Nikawaambia, wanangu, maji ya mbinguni haya. Nikanywa yote. Nikatabasamu. Nilihesabu watu tisa wakinitazama, na kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha kweli.

Jumatano, 19 Machi

Tumbo.

Sikufungua dirisha. Sikufungua geti. Sina nguvu ya kuandika. Nimelala nikifikiria kwamba nikifa humu, wa kwanza kujua atakuwa msoma mita, tena akikosea nyumba.

Alhamisi, 20 Machi

Hodi! Hodi ya kweli, ya mtu, mlangoni kwangu.

Bwana Afya wa mtaa. Mtu mnene, anahema, ana buti za mpira na mkoba. Kumbe fundi cherehani aliona dirisha langu limefungwa siku nzima, akaingiwa na wasiwasi, akamwita. Mama Duka naye amempa chupa ya uji aniletee. Uji wenyewe mzuri. Sijui anatafuta nini.

Bwana Afya akanipa dawa ya kunywa na maji ya chumvi na sukari, akakaa mpaka nikapata nguvu. Kisha akaegemeza ngazi kwenye tangi, akapanda kwa taabu, akachungulia. Aliposhuka akaniuliza kama nafuga mbu kwa makusudi, maana viluwiluwi walivyo wengi humo, ningeweza kuuza. Nikamwambia sipendi mzaha. Akasema mzee, hayo si maji, hiyo ni supu ya njiwa, na ashukuriwe Mungu umeugua wewe, si watoto wa watu.

Hapo nilinyong'onyea. Watoto sikuwa nimewafikiria. Akatuma habari mtaa mzima kwamba maji ya kwangu yasinywewe, waliobaki nayo wamwage.

Tukalimwaga tangi lote. Nililia kidogo, nikasingizia jua. Akapanda juu na brashi akasugua gata, mimi nikimshikia ngazi na kumpa ndoo. Alikuwa akieleza bila kupumzika. Mvua ikianza, iache ioshe paa kwanza na maji yale yapite pembeni. Majani yaondolewe kwenye gata. Wavu mdomoni, mbu asipenye. Kifuniko kibane, giza liwe ndani, maji yasiote ukijani. Na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa yanameta.

Mengi ya hayo Kesho alikuwa ameyagusia, lakini Kesho hakuwa na muda wa kukaa. Huyu alikaa! Tulikunywa chai. Akanisimulia magoti yake, mkewe aliyehamia kwa binti yao kulea mjukuu, na nyumba yake ilivyo kimya. Nikamsimulia kisa cha mapipa. Akauliza maswali. Akataka kujua rangi ilikuwa ya aina gani! Kisha akamkisia mwizi, akakosea vibaya, nikacheka. Sauti yangu ilinishtua. Sikuwa nimeisikia siku nyingi ikitoka hivyo.

Aliondoka jua likizama. Viti vitano vya wageni havikutumika, lakini kimoja kilikuwa na joto.

Ijumaa, 21 Machi

Bwana Afya amerudi na wavu. Kesho naye akaja, kwa kuvutwa sikio, akafunga bomba la maji ya kwanza na kurudisha koki kubwa. Mchana ikanyesha. Tukasimama watatu kibarazani tukitazama maji machafu yakitoka pembeni, yakabadilika, yakawa meupe, ndipo tukageuza yaingie tangini. Nilikuwa na neno la kusema kuhusu hasara ile. Nikalimeza.

Jumamosi, 22 Machi

Bwana Afya kapima maji, kanusa, kamulika tochi tangini. Safi. Akatia dawa, akafunga kifuniko, akapangusa mikono. Akasema sasa hapa hana kazi tena.

Neno hilo lilinichoma. Nikamuuliza kama ana hakika, pengine aangalie tena nyuma ya tangi. Akasema ana hakika. Lakini kesho ni Jumapili, hana zamu, nyumbani kwake yuko peke yake, basi atapita na ubao wake wa drafti. Si kikazi. Kunisalimu tu.

Amekwenda. Nimekaa nalifikiria hilo tangu saa ile. Kunisalimu tu? Mimi ni mtu mzima. Nimetunza bohari, najua watu hufika mahali kwa kuwa kuna kitu cha kuchukua au kitu cha kutengeneza. Mtu hafungi safari kwa sababu ya salamu. Atasema atakuja, kisha mvua, kisha magoti, kisha nimtazame dirishani akiwa kwa Mama Duka.

Hapana. Mambo kama haya hayaachwi yajiendee yenyewe.

Koki nimeitia kufuli, nimeandika getini kwamba leo na kesho hakuna maji, asije akadhurika mtu. Sijawa mjinga kiasi hicho. Kisha nimepanda ngazi, nimeung'oa wavu, nimekitupa kifuniko nyuma ya choo, na kumwaga ndani ndoo ya majani yaliyooza na tope la mferejini. Nimekoroga kwa fimbo ya ufagio.

Kesho nitamtuma mtu akamwite Bwana Afya asubuhi na mapema. Atashtuka sana, ataacha kila kitu, na atafanya kazi hapa mpaka jioni. Drafti hatutapata nafasi ya kucheza, lakini huwezi kupata yote.