Kuhusu Baluni Nyekundu Iliyopasuliwa na Mtu Aliyelenga ya Kijani

Kibokoni, Mombasa
Agosti 1996

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Leseni za Michezo ya Barabarani,
Mombasa.

Mheshimiwa,

Baada ya kukutakia afya njema wewe na wote walio ofisini mwako, mimi ni Yazid Mbarak, muuza vitambaa, mwenyeji wa Kibokoni, mtu ambaye hajapata kuisumbua serikali isipokuwa mara ile ya taka. Naandika kulalamikia bunduki ya upepo ya Bwana Dishon, yule anayesimamisha ubao wake wa baluni kila jioni kule Mama Ngina, kando ya bahari, kati ya muuza mihogo na muuza madafu. Bunduki hiyo imepata shabaha. Naomba hatua za haraka.

Najua utashangaa, maana walalamishi wengine hulalamika kuwa haipati. Shida yangu iko hapo hapo. Mji mzima unajua kwamba mtutu wa bunduki ile umepinda. Mimi mwenyewe nimeipiga Idi baada ya Idi, nikifumba jicho hili, nikifumba jicho lile, na mara moja, Mungu anisamehe, nikafumba yote mawili. Sijapasua hata baluni moja. Niliwahi kutoboa dafu la mtu. Kupinda kwa bunduki ile kulikuwa jambo la kutegemewa katika mji ambao hata maji ya mfereji hayategemewi, nami nikalitegemea.

Kisa ni hiki. Nina binti, Areej, anayesomesha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa kisiwani. Shuleni humo yumo Mwalimu Tsuma, anayesomesha fizikia. Mwalimu huyu alikuja kuposa. Ni Muislamu, anaswali, ana adabu, na hazungumzi mpaka aulizwe. Nilimchunguza sana nipate kasoro, nikakosa. Kasoro iliyokuwapo ni kwamba kwao ni Matuga na kwetu ni Kibokoni, na babu yake aligema minazi hali babu yangu aliteremka bandarini akitoka Hadhramaut na kasha la nguo. Jambo hili siku hizi halisemeki mbele za watu, na imamu wetu, Ustadh Akil, hulikemea mara kwa mara huku akinitazama. Kwa hivyo sikulisema. Nilimwambia Mwalimu barazani, mbele ya majirani, kwa sauti ya upole kabisa:

"Mimi sina pingamizi, mwanangu. Nenda kwa Dishon, uipasue ile baluni nyekundu ya katikati kwa risasi moja. Ukiipasua, Areej ni wako."

Majirani wakacheka. Yeye akauliza, "Kwa bunduki ile ile, Ami?"

"Ile ile."

"Na baluni pale pale ilipo?"

"Pale pale."

Akashukuru, akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Nami nikaingia ndani nikiwa nimeridhika kwamba nimemkataa mtu bila ya kumkataa. Yaliyofuata ndiyo malalamiko yangu.

1. Mwalimu alikwenda Mama Ngina jioni kadhaa na hakupiga hata mara moja. Alisimama kando na mihogo yake kwenye karatasi, akiwatazama wengine wakipiga. Najua kwa kuwa nilikuwa nyuma ya muuza madafu. Tena hakuwa akizitazama baluni. Alikuwa akitazama matundu ubaoni, zinakoingia zile risasi ndogo kama punje za mtama. Mtu akilenga huku, yeye atazame kule. Mheshimiwa, katika mashindano ya haki mpigaji hutazama anachotaka kukipiga. Kutazama risasi inakokwenda ni ujasusi, na Dishon aliuruhusu.

2. Siku yenyewe nusu ya Kibokoni ilihamia Mama Ngina. Mke wangu Shariffa aliketi na Areej kwenye ukuta wa bahari, na kusi lilikuwa likivuma hata mabuibui yakawa hayashikiki. Mwalimu akaichukua bunduki, akaiegemeza begani, akangoja upepo upungue. Halafu akaielekeza kwenye baluni ya kijani, ile ya juu, upande wa kulia. Nimeona kwa macho yangu. Nikamnong'oneza Ustadh Akil, "Amekwisha huyu." Akafyatua. Ikapasuka nyekundu. Ile ya kijani ikabaki inayumbayumba kama haikuambiwa lolote.

Nikasimama pale pale nikasema shabaha hiyo ni batili. Sote tumefundishwa kwamba amali huhukumiwa kwa nia, na aliyelenga kijani amenuia kijani. Kwa hivyo alikosa, na nyekundu ilipasuka kwa ajali. Ustadh akamgeukia Mwalimu akamuuliza, "Nia yako ilikuwa ipi?"

"Nyekundu, Ustadh. Bunduki ndiyo iliyokuwa ikitazama kijani."

Ustadh alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Sijui ni sheria ipi inayomruhusu imamu kucheka akiwa katikati ya kutoa hukumu, lakini hilo nitaliandikia ofisi nyingine.

3. Lalamiko la tatu ni la kuanguka kwa risasi, na ndilo zito zaidi kwa usalama wa umma. Nilimwita Mwalimu nyumbani ajieleze. Akaniambia kwamba risasi ikishatoka tu kwenye mdomo wa mtutu, huanza kuanguka, kama kitu chochote kilichoachwa na mkono. Nikamwambia labda zile dhaifu. Akasema, "Zote, Ami. Hata iende kasi namna gani, inakwenda huku inaanguka. Kasi huifikisha mbali tu kabla haijafika chini."

Nikamwambia mimi si mtoto. Basi akachukua tende mbili sahanini. Moja akaiweka ukingoni mwa meza akaipiga kidole, ikaruka mpaka karibu na mlango. Nyingine, wakati ule ule, akaiachia kutoka kimo kile kile cha meza, ianguke miguuni pake. Zikagonga sakafu kwa sauti moja. Shariffa akasema, "Hebu tena." Akarudia. Areej alikuwa ameleta kahawa na hakuwa na sababu ya kubaki, akabaki. Wakarudia mpaka sahani ikawa tupu na sebule yangu ikawa kama ghala la tende, na kila mara sauti ilikuwa moja.

Sasa fikiri, Mheshimiwa. Ikiwa kila risasi inaanguka njia nzima, basi hapana aliyepata kupiga kitu kwa kukielekezea mtutu sawasawa. Kila aliyepata, mtutu wake ulitazama juu kidogo ya alichokipata. Askari wanaolinda benki wanalijua hili? Wezi je? Nchi nzima imekaa kwa utulivu kwa kudhani kwamba risasi huenda inakoelekezwa, na sasa yuko kijana anasomesha kinyume chake, na kulipwa analipwa.

4. Nilimuuliza pia kuhusu upepo, akakiri kuwa nao uliisukuma risasi kushoto kidogo, na kwamba aliutia katika hesabu yake. Basi baluni ile ilipasuliwa na washirika wanne: mtutu uliopinda, ardhi inayovuta, upepo wa kusi, na Mwalimu Tsuma. Kwa nini binti yangu aolewe na mmoja tu wa hao? Kwa haki, mtutu ndio uliofanya kazi kubwa zaidi. Lakini mtutu ni wa Dishon, na Dishon ana mke na kanisa lake. Upepo siwezi kuuoza mtu, maana hauna wazee wa kuja kuzungumza nao.

Hoja hii niliitoa wakati wa chakula. Shariffa aliendelea kuchambua samaki. Areej akaweka kijiko chini akaniambia taratibu, "Baba, masharti yalikuwa yako. Bunduki umeichagua wewe, baluni umeichagua wewe. Yeye hakuchagua hata upepo." Halafu akaondoka mezani, na chakula alikuwa hajakigusa. Tangu siku hiyo ananiamkia kwa heshima zote, ananiletea chai kwa wakati, na hanizungumzishi. Nyumba imekuwa kama ofisi. Samahani, sikukusudia kuitukana ofisi yako.

5. Nilikwenda kwa Bwana Dishon kumuomba aniandikie cheti kwamba bunduki yake imepinda, ili shabaha ile ifutwe. Akanitazama sana, akasema, "Mzee Yazid, hii haijapinda. Imezoea kushoto." Nikamwambia aandike hivyo basi. Akakataa. Alisema tangu Mwalimu apige, watu wote wanalenga kijani, na sasa zawadi zinakwisha lakini wateja hawaishi. Kabla sijaondoka nilishuhudia bibi mmoja mwenye miwani minene akilenga kijani na kuipasua nyekundu, akapewa sabuni. Mimi, niliyeipiga bunduki ile tangu ilipokuja Mombasa, sina hata sabuni.

Kwa hayo yote, naiomba ofisi yako:

(a) Iipime bunduki hiyo na itangaze kuwa imepinda, tangu kabla ya posa.

(b) Ikionekana imenyooka, ipindwe.

(c) Iamuru kwamba kila mpigaji ataje kwa sauti, mbele ya mashahidi, baluni anayoilenga, na mtutu na ulimi vikihitilafiana, asipewe kitu, si sabuni wala mtoto wa mtu.

(d) Ipige marufuku risasi kuanguka njiani ndani ya mipaka ya kisiwa hiki. Ziende moja kwa moja mpaka zifike, kisha zikitaka kuanguka zianguke. Ikiwa ofisi yako haina mamlaka juu ya jambo hili, tafadhali nielekeze kwenye ofisi yenye mamlaka, na unitajie na saa zao za kufungua.

Nimalizie hapa nisikuchoshe. Nisalimie makarani wote, na yule bawabu wa mlangoni aliyenipa kiti nilipokuja kuulizia jina lako, na watu wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi raia mwenye subira,

Yazid Mbarak

Nyongeza: Barua hii nilimsomea Shariffa kabla ya kuitia gundi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba Areej, siku ile barazani ulisema baluni. Ulitaka kumpiga nani?" Nikaitafuta gundi. Akasema, "Basi kama hukumu ni kwa nia, anza na yako," akaenda kuanua nguo.

Nilikaa hapo mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikamwita Mwalimu, nikamwambia lile la Matuga, na la minazi, na la kasha la nguo, bila ya kuyapamba, nikitazama mkeka. Akasema, "Nilijua, Ami. Lakini hilo sikujua nilipige vipi. Baluni ilikuwa rahisi zaidi." Nikamuomba radhi. Areej alikuwa mlangoni, na jioni hiyo aliniuliza kama chai yangu ina sukari ya kutosha.

Kwa hivyo maombi yote, kuanzia (a) mpaka (d), nayaondoa. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu mwaliko umo ndani yake: nikaha ni Ijumaa hii baada ya Laasiri, msikiti wetu wa Kibokoni, na karamu ya walima nyumbani kwangu. Njoo na makarani wako, na bawabu asisahauliwe. Anayekuletea ni Tsuma mwenyewe, maana anapita huko akienda kazini. Nilimuuliza kama anataka kujua niliyoyaandika, akasema hana haja, anajua itakapoangukia.