Mazishi Yaliyotangulia Posa

Jumatatu, 9 Juni

Riwaya imenifikia. Chama chetu cha wasomaji kina nakala moja tu, ile ya maktaba. Kila mwanachama hukaa nayo wiki moja, na mimi ndiye wa mwisho. Jumamosi tunaijadili. Nimeshaacha vitabu viwili katikati, na sheria ni kali: anayeacha cha tatu anarudisha kadi, na kiti chake anapewa mwingine. Kiti changu kiko dirishani, kinatazamana na cha mkutubi. Sina kiti kingine ninachokipenda duniani. Basi hiki nitakimaliza, liwalo na liwe.

Halafu nikaona jalada la kijani. Kumbe ni nakala niliyoijalidi mwenyewe Januari, hapa hapa karakanani! Uzi mpya, mgongo imara. Nimeinusa kidogo. Kazi safi.

Nimefika ukurasa wa 48. Mpima ardhi anasafiri kwenda mji mdogo. Ana mwavuli. Mvua inanyesha. Mvua inaendelea kunyesha. Nimesinzia juu ya meza, na nilipoamka nilikuwa na gundi kwenye sikio.

Jumanne, 10 Juni

Mpima ardhi amekufa! Nimefungua tu, nikakuta mazishi. Pembeni ya kaburi analia mjane. Mjane gani? Jana mtu hakuwa na mke, hata mji hajaufikia. Nimerudi nyuma nikidhani nimeruka kurasa usingizini. Wapi.

Shangazi, ambaye tangu aache kuuza vitambaa hushinda mlangoni pa karakana akifuma, alichungulia begani kwangu. Akauliza kwa nini baada ya 48 inakuja 97. Nikamweleza kwa upole kwamba riwaya za siku hizi ndivyo zilivyo, waandishi wameachana na mambo ya kuhesabu. Akasema yeye ameuza vitambaa miaka thelathini na hajawahi kuona jora linaloruka mita arobaini na nane katikati. Fasihi si jora.

Niache? Nisiache? Nimekifunga kitabu mara nne. Kila nikikifunga naona dirisha lile.

Jumatano, 11 Juni

Akili ni nywele. Nimekwenda kwa Mwalimu Mstaafu wa chama chetu, ambaye ameshaisoma na hawezi kukaa na jambo kichwani bila kulimwaga. Nilijidai nimepita kumsalimia. Alizungumza saa nzima. Kwamba mwandishi ameuvunja wakati makusudi. Kwamba mauti ni mlango, na mapenzi yanaanzia pale kaburi linapofungwa. Alifumba macho alipofika hapo. Mtu huyu amekuwa akijisogeza kwenye kiti cha pili kutoka dirishani tangu mwaka jana, na najua anatafuta nini.

Nimeyaandika yote kwenye karatasi. Jumamosi tunazungumza kwa mpangilio wa viti, na wa kwanza ni mimi. Nitayasema yote kabla yake. Atabaki kukohoa tu.

Alhamisi, 12 Juni

Karatasi imepotea. Nimeipata saa tano, imebanduka nusu, ndani ya jalada la daftari la mahudhurio la shule. Niliibandika mwenyewe kama bitana. Haitoki. Watoto wa darasa la tatu wataitwa majina yao kila asubuhi chini ya maneno mauti ni mlango.

Kwa kukosa la kufanya, nimesoma. Baada ya mazishi, mtu anabisha hodi. Mjane anafungua. Nje amesimama mpima ardhi na mwavuli wake, amelowa, anauliza kama kuna chumba cha kupanga. Hakuna anayeuliza amefufukaje. Hata yeye haonekani kujua. Mwanamke anamtazama kama mtu mgeni, anampa taulo. Halafu, taratibu, kurasa nyingi za mvua, anampenda.

Nilisoma huku gundi ikichemka polepole na jua likitambaa sakafuni hadi kwenye miguu ya shangazi. Nikasinzia, na hata usingizini nikasikia hodi. Nilipoamka uso ulikuwa umelowa, na safari hii haikuwa gundi. Nakipenda kitabu hiki. Sikielewi hata kidogo, na nakipenda.

Alasiri nilikwenda maktaba kwa kisingizio cha kupima mgongo wa kamusi. Mkutubi akaniuliza nimefika wapi. Nikasema kwenye hodi. Akaweka kalamu chini. Kisha akaniambia kwamba mumewe amefariki mwaka wa tatu sasa, na kwamba alipofika ukurasa ule alikaa chini katikati ya rafu mpaka walinzi wakaja kumuuliza kama anaumwa. Nimepima kamusi ile mara mbili na sikumbuki upana wake.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi amevaa miwani. Amekipitia kitabu chote kwa namba tu, bila kusoma neno, na ameniwekea orodha mezani. Moja hadi 48. Halafu 97 hadi 112. Halafu 49 hadi 96. Halafu 113 hadi mwisho.

Fungu la saba, kurasa kumi na sita zilizokunjwa pamoja, limeshonwa mahali pa la nne. Na aliyeshona ni mimi! Kinyozi hajinyoi, lakini angalau hajikati sikio. Siku ile ya Januari mkutubi alikileta mwenyewe, akasimama mlangoni akikung'uta mvua kwenye shali. Nilishona nikimtazama yeye.

Kwa hiyo mpima ardhi anabisha hodi, anaoa, anakufa. Basi. Baada ya 112 harudi tena.

Furaha ya kwanza, nakiri, ilikuwa Mwalimu Mstaafu. Saa nzima ya falsafa juu ya uzi wangu! Naweza kumuumbua kesho kwa sentensi moja. Ila nikimuumbua yeye nimejiumbua mimi, na mkutubi nitamnyang'anya ile hodi. Nikachukua kisu, nikate uzi na kushona upya kimyakimya. Nikakishika juu ya mgongo wa kitabu kwa muda mrefu. Mkono umekataa. Nimekirudisha kisu.

Jumamosi, 14 Juni

Niliulizwa wa kwanza. Yote yalinitoka kichwani. Nikasema tu kwamba nimependa pale anapobisha hodi, na kwamba ningetaka aendelee kubisha. Nikakaa. Mwalimu Mstaafu akachukua dakika arobaini kuuvunja wakati, watu wakitikisa vichwa kukubali, mmoja akiandika.

Walipotoka nilibaki kupanga viti, nikamwambia mkutubi ukweli. Akasema alijua tangu ukurasa wa 48, kwamba kitabu chochote kikitoka kwa mjalidi kazi ya kwanza ya mkutubi ni kuhesabu kurasa. Aliagiza nakala nyingine kutoka maktaba ya mbali, akaisoma kwa mpangilio wake. Mume anakufa, mvua inakatika, mjane analima bustani. Hakuipenda. Ameniomba nisiiguse hii ya kwetu. Ameniomba pia nisimwambie Mwalimu, maskini, ameshaandika kurasa ishirini.

Kisha akagonga muhuri kwenye kadi yangu. Mwaka mmoja zaidi, dirishani. Nimerudi nyumbani kwa miguu na sikuiona njia.

Kurasa za mwisho sijazisoma. Bustani haina haraka.

Jumatatu, 16 Juni

Mkutubi ameniletea kitabu kingine kilichoachana, na kikaratasi kwa mwandiko wake: Kwa uangalifu, tafadhali. Nimemwelewa mara moja. Mtu na mtu wake hawahitaji maneno mengi.

Nimelitoa fungu la saba nikalishona mahali pa la nne, makusudi sasa, kwa uzi wa hariri. Ni kitabu cha kutengeneza pampu za maji. Sasa pampu inawashwa kwanza, kisha kurasa arobaini na nane baadaye inaunganishwa na bomba. Nimekisoma hicho kipande mara mbili. Kina kitu.

Shangazi ameuliza nani anakisubiri. Nikamwambia fundi pampu wa mtaa wetu, anakichukua kesho asubuhi. Ameweka ufumaji wake chini, akainuka, akaenda kujaza ndoo zote.